Acheni Kujaza Maji kwa Mazoea

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Joto la mashine ya kutotolesha vifaranga leo siligusi, nyuzi 37.5 mnazijua nyote, hata watoto wa hapa Chanika wanazijua. Nimekuja na lile lile langu, na aliyelichoka anivumilie: acheni kujaza maji kwenye mashine kwa mazoea.

Kuna dada mmoja wa Kigamboni, hapa hapa Dar es Salaam, ambaye kaka yake anatotolesha Makambako, kule kwenye baridi. Kaka akamtumia mashine na maelekezo juu: bakuli zote mbili zijae maji tangu siku ya kwanza. Kule Makambako utaratibu huo unampa vifaranga wazuri tu. Kigamboni, siku ya 21, ya vifaranga kutoka, ikapita kimya, ya 22 kimya. Akaniita. Tukapasua mayai: kifaranga kamili, manyoya yote, ila amelowa chapachapa na chumba cha hewa, ile nafasi tupu ndani ya yai, ni kidogo mno. Amekufa kwenye majimaji kabla hajatoboa ganda. Dada ananiambia, jogoo ni mbovu. Jogoo! Kifaranga mzima yumo ndani ya yai, jogoo alaumiwe kwa lipi? Yeye kazi yake aliimaliza kabla yai halijatagwa.

Sasa hesabu yenyewe. Hewa ikipashwa moto bila kuongezwa maji, asilimia ya unyevu wake hushuka. Chukua hewa ya Dar es Salaam, nyuzi 30, unyevu asilimia 75. Ikiingia kwenye mashine na kufika 37.5, inabaki karibu asilimia 49. Hujatia hata tone! Na siku 18 za mwanzo yai linataka kati ya 45 na 55. Njoo Makambako, asubuhi ya baridi, nyuzi 15, asilimia 80. Hiyo ikipashwa vivyo hivyo inabaki kama 21. Kwa hiyo kaka hakukosea. Bakuli zake zinaziba pengo la kwake. Dada alikuwa anapeleka maji baharini.

Kuna mtu hapo nyuma najua anasema moyoni, mbona kuku anayeatamia hana bakuli la maji? Hana. Lakini anashuka, anarudi, anageuza, anayalalia kwa ngozi ya kifua. Ukiweza kuatamia kama yeye, mashine uza.

Basi utajuaje? Mizani. Ile ya jikoni ya kupimia unga wa keki. Yai linapaswa kupoteza kama asilimia 12 ya uzito wake hadi siku ya 18. Hayo ni maji yanayotoka, na nafasi yake inakuwa chumba cha hewa. Mayai yako 30 ya kienyeji, tuseme yana gramu 1,350 siku unayoyaingiza. Siku ya 9 yawe kama 1,269. Siku ya 18, kama 1,188. Yakiwa mazito kuliko hapo, punguza maji au yaondoe kabisa, na matundu ya hewa yawe wazi. Yakiwa mepesi mno, ongeza. Ukitoa yai viza katikati, piga upya hesabu ya yaliyobaki kwa uwiano, usije ukasema mayai yamekauka kumbe umeyapunguza mwenyewe. Huna mizani? Mulika kwa tochi, chora ukingo wa chumba cha hewa kwa penseli, uone kama kinakua.

"Lakini kipima unyevu changu kinasema 55." Hicho cha bei rahisi? Kijaribu kwanza. Chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha soda, ilowanishe iwe kama tope, uifungie pamoja na kipima ndani ya kopo lisilopitisha hewa usiku kucha. Kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 66, basi kinakudanganya kwa 9, na umekuwa ukikiamini.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo haraka. Siku ya 18 acha kugeuza na pandisha unyevu ufike 65 hadi 70. Hapo hata sisi wa pwani tunatia maji. Kinachotoa unyevu ni upana wa maji, si kina: sinia pana linashinda ndoo. Wakianza kutoboa, usifungue mlango kumwonyesha shemeji. Utando wa ndani unakauka, unamnasa kifaranga anashindwa kujigeuza. Umeme kukatika tutauongea siku nyingine, ni somo zima. Haya, maswali.