Mpoze kwanza, gari baadaye: watoto na jua siku ya michezo shuleni

Walimu wenzangu na wazazi, karibuni. Nipo kwenye kiwanja chetu hapa Dar es Salaam. Ni mwezi wa pili, kaskazi inavuma, na jua ndilo hili mnaloliona. Wiki ijayo tunachuja timu yetu ya UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi, kwa hiyo leo tuiandae siku hiyo pamoja.

Tuanze na ratiba. Sogeza kamera waione karatasi. Mita 800 na mita 1500 nimeziweka saa 1 asubuhi, kabla mgeni rasmi hajafika. Najua tumezoea kumsubiri ndipo tukimbize fainali, matokeo yake watoto wanakimbia saa 6 mchana. Tuache kabisa. Ikifika saa 4 filimbi inalia, kila mtu kivulini mpaka saa 10 jioni. Na risala isomwe pale chini ya mwembe, watoto wakiwa wameketi, wasipangwe mistari juani.

Huku pwani hewa ina unyevu mwingi. Jasho hupoza mwili linapokauka, na hapa halikauki, linatiririka tu. Ndiyo maana mtoto aliyelowa chapachapa anaweza kuwa bado anachemka ndani.

Sasa maji. Hii ndoo yenye koki inachukua lita 20. Mtoto wa miaka 9 hadi 12 anywe nusu kikombe mpaka kikombe cha robo lita kila dakika 20, asikie kiu asisikie. Pigeni hesabu: watoto 40 wakinywa hivyo, ndoo nzima inaisha ndani ya saa moja hivi. Kwa hiyo ndoo moja kwa shule nzima haitoshi hata kidogo. Ile ndoo ya bluu pale pembeni haiguswi, nitawaambia kazi yake.

Halafu daftari. Siku chache kabla, waulizeni wazazi afya ya kila mtoto, muandike humo. Mwenye sikoseli, joto na upungufu wa maji vinaweza kumletea maumivu makali. Asikimbizwe mpaka daktari wake aseme. Mtoto mwenye ualbino apate kofia pana, shati la mikono mirefu na nafasi ya kudumu kivulini. Aliyetoka kuugua malaria au kuharisha apumzike. Aliyefunga Ramadhani mpeni saa ya kupima muda, asikimbie. Na yule aliyerudi juzi kutoka kwenye baridi ya Njombe, mwili wake unahitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto hili. Mwanzisheni taratibu.

Hapa sasa naomba mnisikilize vizuri.

Miaka iliyopita, katika shule niliyokuwa nafundisha, mtoto wa darasa la sita alivuka mstari wa mwisho, akaendelea kukimbia kuelekea ukutani. Nikamwita kwa jina, hakugeuka. Tukadhani ni furaha ya ushindi. Alipokaa chini nikamuuliza yuko darasa la ngapi, akanitazama tu, midomo inacheza bila neno. Tulihangaika kutafuta gari dakika nyingi, na muda wote huo alikuwa amelala juu ya mchanga wa moto. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini zile dakika nazikumbuka mpaka leo.

Mtoto akilalamika kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukaza, mtoe juani, mvue viatu na soksi, mpe maji au ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Lakini akianza kusema ovyo, kupepesuka, kudegedega au kuanguka, hapo joto limeingia kichwani. Hiyo ni hatari ya kifo. Mmoja apige simu kutafuta gari, na wengine waanze kumpoza palepale.

Ndiyo kazi ya ndoo ya bluu. Ina maji, barafu ya mifuko na kanga nne. Mlaze kivulini, mvue jezi. Mwagia maji mwili mzima, usiishie kichwani. Kanga zilizolowa ziwekwe shingoni, makwapani na kwenye mapaja kwa juu, zikipata joto zichovye tena. Wawili wampepee kwa nguvu, hata kwa maboksi. Wapo watakaosema maji baridi yatampa nimonia. Hayampi. Dawa ya kushusha homa usimpe, hili si joto la malaria. Na asiyejitambua asinyweshwe kitu, kitampalia, mlaze ubavu.

Gari likifika msiache kumpoza, pandeni na ndoo, madirisha wazi. Akizinduka njiani akasema yuko sawa, safari ya kituo cha afya iko palepale.

Haya, mwanangu mmoja amekubali kulala hapa kwenye mkeka. Mwalimu, lete ile ndoo ya bluu, tuhesabu tunatumia sekunde ngapi.