Kabla ya Kuumwagia Maji, Tazama Mizizi

(Mhadhara uliotolewa baada ya Alasiri katika kiwanda, yaani uwanja wa ndani, cha nyumba moja ya mtaa wa Mkomani, Lamu, mbele ya akina mama na wazee wapenda maua.)

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojibana hapo dakani, kwenye baraza ya mlango, sogeeni mbele, pana nafasi.

Huyu hapa mezani, mmea wa kaktasi ya Krismasi, ndiye aliyetukutanisha leo. Ameletwa kwangu jana na mama mmoja wa mtaani, kafungwa kanga kama mtoto mwenye homa, na mwenyewe kaniruhusu nimwoneshe hadharani. Mtazameni. Pingili, hivi vipande vya shina vilivyoungana, zimelegea, zimekunjamana kama embe lililosahauliwa kabatini, zinaning'inia ukingoni mwa chungu. Nikamuuliza mama, umemfanyia nini? Akanijibu, "Mwalimu, namnywesha asubuhi na jioni, na kiu haimwishi."

Neno lililonileta hapa ni hilo, mengine ni viungo tu. Mmea huu ukikosa maji unalegea. Ukizidishiwa maji unalegea vilevile, tena kwa sura ile ile. Anayevuta maji ni mzizi. Mzizi ukishaoza hauvuti kitu, na pingili zinakauka huku udongo umelowa chepechepe. Manahodha wetu wa zamani wanaijua hali hiyo: maji pande zote, na pipa la maji matamu limekwisha. Sasa wewe ukiona umelegea, huruma inakushika, unaongeza kopo. Umezidi kuuzamisha.

Wengi huuita kaktasi ya Krismasi, kwa sababu huko Ulaya hutoa maua mwezi wa Desemba. Jina la kitaalamu ni Schlumbergera, alilolitoa Charles Lemaire mwaka 1858 kwa heshima ya Mfaransa aliyekusanya mimea ya jamii hii, Frédéric Schlumberger. Brazili, ambako ndiko kwao, unaitwa ua la Mei, maana msimu wa kule umegeuka. Jina la Krismasi, basi, ni la ugenini.

Ila jina lililouponza zaidi ni hilo la kaktasi. Mtu akisikia kaktasi anafikiria mpungate, ule wa miiba unaostahimili jua na ukame. Ni ndugu kweli, lakini ndugu wa malezi mbalimbali. Huyu ni mtoto wa msituni. Kwao ni milima ya karibu na pwani huko kusini-mashariki mwa Brazili, upande wa Rio de Janeiro, kwenye ukungu na kivuli. Wala haoti ardhini. Anakaa juu ya matawi ya miti na kwenye nyufa za majabali, mizizi imeshika gome na majani yaliyooza. Hamnyonyi mti aliokalia. Ni mpangaji anayejipikia mwenyewe. Mvua ikinyesha mizizi inalowa, na mara upepo unaikausha. Kulowa na kupata hewa, hayo mawili ndiyo maisha yake.

Niongeze jambo moja kwa wale vijana wanaopenda kubishana. Jamii yote ya kaktasi asili yake ni Amerika, hata mpungate ni mgeni hapa, isipokuwa mmoja tu uitwao Rhipsalis baccifera, ambao unaota wenyewe Afrika. Umo kwenye misitu yetu ya Afrika ya Mashariki, unaning'inia mitini kama nyuzi za kijani. Huyo ndiye binamu wa karibu wa mgonjwa wetu.

Haya, tumfungue. Namng'oa taratibu, nakipindua chungu, nakigonga chini. Naomba mama uliye mbele unuse. (Kicheko.) Ndiyo, harufu ya matope ya mikokoni. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya mchanga, na ukiubana ni mgumu. Huu ni wa kahawia, unateleza, na ganda linavulika kama soksi. Kwa hiyo kesi yetu ni ya maji mengi. Tungekuta udongo mkavu umejikusanya tonge na mizizi migumu, kesi ingekuwa ya kiu, na tiba yake nyepesi: unakiweka chungu ndani ya ndoo ya maji nusu saa, unakitoa, unakiacha kichuruzike. Baada ya siku kadhaa pingili zinajaa tena.

Wa kuoza anataka kisu. Nimekisafisha kwa spiriti. Nakata kila kilichooza mpaka nifike palipo pazima, na udongo wote wa zamani nautupa. Kisha simpandi leo. Nitamlaza kivulini hadi kesho, vidonda vikauke. Akishapandwa namwagia maji kidogo, halafu namwacha mpaka udongo wa juu ukauke ndipo nimwagie tena. Mbolea hapati mpaka atoe pingili mpya. Mgonjwa hapewi biriani.

Sasa tuje kwetu Amu, yaani Lamu, maana hapa kisiwani pana mambo ambayo wauza maua wa bara hawatakwambieni.

Kwanza mchanga. Mimi mwenyewe niliuua mmea wangu wa kwanza kwa mchanga wa ufukweni. Niliona mweupe, safi, unapitisha maji, nikasema huu ndio. Una chumvi, na una chembe za makombe na matumbawe, yaani chokaa tupu. Mmea huu unapenda udongo wenye uchachu kidogo. Kwa hiyo hata kokoto za matumbawe zinazobaki mafundi wakijenga, msizitie chunguni. Nilichokosea tena, nilichagua chungu kikubwa kama kwamba napanda mdimu. Mmea mdogo kwenye chungu kikubwa umezungukwa na udongo usio na mzizi wa kuunywa maji yake, ukabaki umelowa wiki nzima. Huyu anapenda kubanwa. Na juu ya yote nikaupandisha darini kwenye jua la Kaskazi, ukageuka mwekundu. Mimi nikadhani unajiandaa kuchanua!

Udongo mzuri tunao hapa hapa. Chukueni makumbi ya nazi, myakatekate vipande vidogo, mchanganye na makaa yaliyopondwa na samadi ya punda iliyooza sawasawa, hiyo kidogo tu. Lakini angalieni makumbi yanatoka wapi. Yale yaliyofukiwa kwenye tope la bahari ili yasokotwe kamba yamelewa chumvi. Tafuteni yasiyofika baharini, na hata hayo myaloweke na kumwaga maji mara mbili tatu.

Pili, maji. Visima vyetu vingine ni vya maji ya chumvi, tunajuana. Mkiona utando mweupe ukingoni mwa chungu, hiyo ni chumvi, na inachoma ncha za mizizi. Masika kinga maji ya mvua uweke kwenye madumu. Kiangazi, wenye viyoyozi, yale maji yanayodondoka ukutani nje hayana chumvi; tegeni ndoo. Kijana yule anatikisa kichwa, lakini ajaribu.

Mahali pake pazuri ndipo tulipokaa, kiwandani, penye mwanga na kuta za kukinga jua la mchana. Jua la asubuhi halina neno. Usiuweke mkabala na feni wala panapopuliza upepo wa bahari moja kwa moja.

(Hapa bibi mmoja aliuliza: "Maua je? Wa binti yangu Limuru unachanua, wangu miaka minne kijani kitupu.")

Bibi, swali lako ndilo nililokuwa nalikwepa. Mmea huu huweka matumba kwa alama mbili: usiku mrefu, saa 12 au zaidi za giza, na ubaridi. Giza tunalo. Sisi tuko karibu na ikweta, usiku wetu ni kama saa 12 mwaka mzima. Kinachokosekana ni baridi. Unapendelea usiku wa nyuzi 10 hadi 15 hivi kwa wiki sita. Limuru wanaipata bila kuomba, mwezi wa Julai. Sisi hata Kusi ikivuma usiku kucha bado tunalala bila shuka. Usiku ukiwa wa joto, matumba hayaji, hata giza liwe la kaburini. Kwa hiyo ukiona wako umechanua hapa, shukuru, lakini sikuahidi. Wengine huununua tayari una matumba, wanaufikisha hapa, matumba yote yanapukutika kwa mshtuko wa joto na safari. Si husuda ya jirani. Mimi ningewashauri muupende kwa hizo pingili zake, zilivyopangana kama shanga.

Na kama mizizi yote imekwisha, msikate tamaa. Shika tawi lenye pingili tatu, lizungushe kwenye kiungo, litatoka lenyewe bila kisu. Lilaze siku moja au mbili jeraha lifunge, kisha lichomeke mpaka nusu ya pingili ya chini. Ndani ya mwezi mmoja hivi utalivuta kidogo, likigoma kutoka, limeshika mizizi. Hivi ndivyo mmea mmoja unavyoweza kupita mikono ya bibi, mama na mjukuu.

Kwenye sinia lile nimeweka vipande nilivyovikata vya mgonjwa wetu, vile vizima. Kila mmoja achukue viwili, na asivipande leo, hata kama nyumba ina chungu kitupu. Mgonjwa mwenyewe namrudishia mama yake kesho, kwenye kikopo hiki kidogo. Chungu kile kikubwa nabaki nacho mimi, nina mdimu.