Kabla hujavaa tisheti ya kampuni
Mhadhara kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, Dar es Salaam

Habari za mchana, wanangu. Asanteni kwa kunikaribisha.

Wengi wenu mkimaliza hapa, kazi ya kwanza itakayowapigia simu haitakuwa ya mshahara. Itakuwa ya kamisheni: bima, laini za simu, mikopo ya benki, sola, viwanja. Sisemi hivyo kuwatisha. Bima ndiyo iliyonisomeshea wanangu wawili. Nimeiuza miaka 11, na baada ya hapo nikahamia upande wa pili wa meza, kuwasaili na kuwafundisha wauzaji. Meza hiyo ndiyo nataka tuizungumze leo.

Kwenye kazi ya mshahara, ukiwa hufai anayeumia ni mwajiri. Atakulipa mwezi wa kwanza, wa pili, huku hajaona faida yako. Kwenye kamisheni anayeumia ni wewe. Nauli ni yako, vocha ni yako, soli ya kiatu ni yako. Na ndugu ni wako, maana mauzo ya kwanza karibu wote tunaanzia kwa shangazi, kwa mjomba, kwa mwalimu aliyetufundisha sekondari. Huo wote ni mtaji. Sasa mtu anayeingia na mtaji wake, kwa nini akae kwenye kiti cha usaili kama aliyekuja kuomba msaada?

Piga hesabu kabla hujaenda. Tuseme daladala, maji na vocha vinakula shilingi 8,000 kwa siku, na unatoka siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 208,000. Kama kila mauzo yanakupa 15,000, unahitaji mauzo 14 ili urudishe tu ulichotumia. La 15 ndilo linaloanza kununua unga. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa msaili si "kamisheni ni asilimia ngapi". Muulize: muuzaji wa kawaida hapa, si yule bingwa wenu, anafunga mauzo mangapi kwa mwezi katika miezi mitatu ya kwanza?

Kuna kijana nilimsaili, kimya kimya, shati limepigwa pasi vizuri. Nilipomaliza maswali yangu nikamwuliza kama ana la kuuliza. Akasema, "Mama, naomba kuzungumza na mtu aliyeanza kazi hii mwezi uliopita." Mwenzangu mezani alikunja uso. Mimi nilimpa kazi pale pale. Asiyeogopa kumwuliza msaili hatamwogopa mteja. Na kampuni ikikataa kukuonyesha mtu huyo, jibu umeshalipata.

Ulizeni pia pesa inaingia lini na inaweza kurudi lini. Hili lilinigharimu mimi. Kampuni moja niliyoanzia ilinilipa kamisheni nzuri ya mikataba tisa ya bima ya maisha. Baada ya miezi michache wateja wanne wakashindwa kulipa, mikataba ikafa, na kamisheni yao ikakatwa kwenye malipo yangu yaliyofuata. Mwezi ule nilipokea karatasi, pesa sikupokea. Kipengele kilikuwepo kwenye mkataba, lakini siku ya usaili hakuna aliyekitaja, na siku za mafunzo pia hakuna. Wawili kati ya wale wanne walikuwa jamaa zangu, watu niliowasukuma wakubali kiwango ambacho nilijua hawakiwezi. Hapo kosa lilikuwa langu, na bado linaniuma.

Ukiombwa hela ya kujisajili, ya sare, ya kununua mzigo wa kuanzia, simama uulize hela hiyo inakwenda wapi. Na ukiona wanaongea zaidi kuhusu watu utakaowaingiza kuliko bidhaa utakayouza, chukua begi lako uondoke. Kwa bima, mkumbuke kwamba wakala anatakiwa kusajiliwa na TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Uliza nani atashughulikia usajili wako, na kwa gharama ya nani.

Mtaambiwa sana, "Wewe si mwajiriwa, ni mtu huru." Huku huyo mtu huru anatakiwa kusaini daftari saa mbili kamili asubuhi! Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mkataba uwe umeandikwa vyovyote, mpaka ithibitishwe vinginevyo, endapo kigezo hata kimoja kati ya vilivyotajwa kipo. Vigezo vyenyewe ni kama kupangiwa saa, kuelekezwa namna ya kufanya kazi, kupewa vitendea kazi, kumtegemea mtu huyo kwa kipato, au kumfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Tunzeni meseji za timu lida. Tunzeni picha za daftari la mahudhurio. Ukiachishwa kazi isivyo haki una siku 30 tu kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wengi wanafika wakiwa wamechelewa.

Sasa mafunzo. Mimi nilifundishwa siku tatu ukumbini. Tuliimba kaulimbiu, tukapiga makofi, tukaonyeshwa picha ya gari la aliyeongoza mwaka uliopita. Siku ya nne nikapewa begi la fomu na dada mmoja aliyenitangulia kazini, tukaenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kwenye duka la vitenge. Nikaanza kumwaga maneno: faida, miaka kumi, fao la kifo. Mama mwenye duka anakunja vitenge tu, hata hanitazami. Yule dada akanigusa goti ninyamaze. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Mama, ukilala siku mbili na homa, duka anafungua nani?"

Mama akaacha kukunja. "Hakuna. Linafungwa." Akavuta stuli, akakaa.

Waliongea karibu nusu saa, na fomu haikutoka kwenye begi. Tulirudi pale mara tatu. Mara ya nne mama mwenyewe ndiye aliyeomba kalamu. Swali lile moja lilinifundisha kuliko siku zote tatu za ukumbini. Kwa hiyo kwenye usaili ulizeni: nitatoka na nani, siku ngapi, na yeye analipwaje kwa kunifundisha? Kama halipwi chochote, atakuacha kituo cha daladala ukimbizane na wateja peke yako, na sitamlaumu, naye ana kodi ya nyumba.

Tumebakiwa na dakika 20. Sitaki maswali ya kunyoosha mkono. Wewe dada mwenye kilemba cha bluu, njoo ukae hapa mbele. Mimi ndiye msaili, na nimeshakwambia kwamba kwangu kipato hakina kikomo. Haya, niulize.