Kabla ya Bakora: Darasa Linavyotulia

Assalaamu alaykum, walimu wenzangu wa Wete na Micheweni. Mada yetu ni nidhamu ya darasa na hamu ya kusoma. Bakora tuiweke pembeni, tuanze na madaftari.

Chukueni darasa la watoto 70, mkondo wa mchana, kipindi cha dakika 40. Mwalimu ameingia na rundo la madaftari, anaita jina moja moja. Kila mtoto akitumia sekunde tano kwenda kuchukua lake, zimeshapita dakika karibu sita, na muda wote huo watoto 69 hawana kazi. Huyu anavuta ushungi wa mwenzake, yule anachonga dawati kwa ncha ya bikari. Halafu tukirudi ofisini tunalalamika kuwa darasa lile limeshindikana.

Dawa yake inaanzia siku ya kukusanya. Mtoto wa nyuma kabisa anampitishia wa mbele yake, naye anaweka la kwake juu, mpaka fungu lifike mbele ya safu. Lifungeni kwa kamba, na mkisahihisha msilichanganye. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Siku ya kurudisha, wa mbele anachukua la juu na kupitisha lililobaki. Safu saba zinakwenda kwa pamoja, kazi inakwisha chini ya dakika moja. Aliyekuwa hayupo daftari lake linawekwa kwa monita. Ila watoto wakiwa wanahama viti kila siku, utaratibu huu hauendi. Panga viti kwanza.

Jambo la pili ni ubao. Mtoto akiingia akute maswali matatu: mawili ya jana ambayo kila mtu anayaweza, na moja la kuumiza kichwa. Wa mkondo wa mchana watasema ubao wanaukuta umejaa ya asubuhi. Kweli. Basi kubalianeni na mwenzenu akuachieni robo ya ubao, au andikeni nyumbani kwenye karatasi ya manila mje mbandike tu.

Mtafiti wa Marekani, Jacob Kounin, alichunguza madarasa kwa picha za video, na mwaka 1970 akachapisha aliyoyaona. Alitafuta namna ya kukemea inayotuliza darasa, hakuipata. Walimu wenye madarasa matulivu na wenye madarasa ya vurugu hawakutofautiana katika kukemea. Walitofautiana katika kuzuia: wale wa kwanza waliona mapema, na watoto walijua kwamba wanaonekana. Kwa hiyo ukiandika ubaoni simama upande, usiwape mgongo. Ukiona fujo inaanza, sogea huku unaendelea kusomesha, weka kidole kwenye daftari la mhusika, sema naye chini kwa chini. Ukipiga kelele umewakatisha watoto 70 somo kwa ajili ya mmoja. Na ukimkemea asiyehusika, darasa zima limejua kuwa huoni.

Sasa maswali. "Mmefahamuuu?" "Ndiooo!" Jibu hilo halikwambii kitu. Kuitikia kwa pamoja kuna kazi yake kwenye chuo cha Kurani, pale mtoto anapohifadhi. Kwenye hesabu kunamficha asiyejua. Ulizeni hivi: "Robo na thumni, ipi kubwa?" Nyamazeni. Kisha tajeni jina. Mkianza na jina, wengine wote wameshapumua. Mtafiti mwengine wa Marekani, Mary Budd Rowe, aligundua kwamba walimu husubiri jibu kwa wastani wa sekunde moja hivi, na kwamba wakifikisha tatu, watoto hujibu kwa urefu zaidi na wanaosema "sijui" hupungua. Wapo watakaosema thumni, maana nane inaishinda nne. Msiwacheke. Chora mkate wa kumimina mara mbili, mmoja ukate vipande vinne, mwengine vinane, umuulize angependa apewe kipande cha upi.

Zawadi nitazipitia haraka. Mwaka 1973 watafiti Lepper, Greene na Nisbett waliwaahidi cheti watoto wadogo wanaopenda kuchora, iwapo watachora. Baadaye, walipoachiwa wachague wenyewe, walichora kidogo kuliko wenzao wasioahidiwa kitu. Kwa hiyo pipi iwe ya kushtukiza. Sifa nayo iseme kilichofanywa: "umeziweka makumi chini ya makumi" inamfaa mtoto kuliko "hodari", kwa sababu kesho anajua arudie nini.

Limebaki la mchumo wa karafuu. Mtoto aliyekosa masomo wiki mbili kwa kuchuma, akirudi hupiga makelele kwa kuwa hajui pa kushika. Usimsimamishe mbele kumuuliza alikuwa wapi. Mkalishe na mwenye daftari kamili, anakili mifano miwili ya kila mada, si maandishi yote, na siku ya tatu mpe swali la ubaoni ambalo una hakika analiweza.