Toa kidole kwenye rimoti

Haya jamani, karibuni, sogeeni huku kivulini maana jua la Tanga mnalijua. Naona mashua mpya ndogo za tanga, hizi za kuendesha kwa rimoti, zimepangwa hapa mchangani na zimetengenezwa vizuri kweli, hongereni sana. Kuunda mshaunda, kwaiyo leo naongelea ile siku ya kwanza majini tu, na nina jambo moja ninalolipigania: mashua ikishapangwa sawa, usukani wake unahitaji kuguswa kidogo sana kuliko tunavofanya wengi wetu.

Waangalieni watoto wetu wa pwani. Anachukua ndala iliyokatika, anachomeka kijiti, kipande cha kiroba kinakuwa tanga, anategesha usukani wa kibati nyuma afu anakiachia kidau, na kinaenda! Hakuna betri wala nini. Marekani nako walipita hukohuko, klasi ya Marblehead, yani aina moja ya mashua ndogo za kushindana kwa vipimo vilevile, ilianza mwaka 1930 kule Massachusetts, mashua za inchi 50, yani kama sentimita 127, na kwa miaka mingi zilishindana bila redio kabisa, mwenye mashua anatembea pembeni ya bwawa na fimbo mkononi, ikifika ukingoni anaigeuza irudi. Mashua isiyo na mizani ilikuwa haifiki, kwaiyo ilibidi waipange mpaka inyooke yenyewe. Sisi tumepata redio tukaona kupanga kunachosha, mashua inavuta upande mmoja na kidole kinairudisha kila sekunde, na usukani uliokunjwa muda wote ni breki majini, hata tanga liwe zuri vipi.

Sasa hii hapa mezani ni klasi nyingine, International One Metre, wengi mnaiita IOM. Mwili haizidi mita 1, uzito haupungui kilo 4, na katika kilo hizo zaidi ya nusu iko chini kabisa, bapa la mkuku na risasi yake ni kati ya kilo 2.2 na 2.5. Hiyo ndo farumi yenu, ndo inayoiinua mashua ikilazwa na upepo. Juu kuna tanga kubwa na tanga dogo la mbele, ndani sevo mbili, yani vimota vidogo vinavyotii rimoti, moja ya usukani, moja ya kukaza na kulegeza kamba za matanga. Basi, hakuna kingine.

Ipelekeni joshi, yani kuelekea upepo unakotoka. Kaza kamba mpaka mti wa chini wa tanga kubwa ukaribie katikati ya mashua lakini usifike pale katikati kabisa, subiri ishike spidi, afu toa kidole kwenye usukani uangalie. Ikipinda kwa nguvu kuelekea upepo unakotoka ujue nguvu ya matanga imekaa nyuma mno ukilinganisha na mkuku, lete mlingoti mbele kidogo, na nikisema kidogo ni milimita chache pale kileleni, legeza kamba ya nyuma, kaza ya mbele, irudishe majini ujaribu tena. Ikiukimbia upepo ikageukia demani, kule upepo unakokwenda, fanya kinyume. Mnachotafuta ni mashua inayokwenda karibu imenyooka, upepo ukizidi inapanda taratibu kwenye upepo bila kuambiwa. Na ule mvuto mdogo msiumalize wote tafadhali, redio ikikata mashua ya namna hiyo itageukia upepo, matanga yatapigapiga, itapoteza mwendo. Ile inayoukimbia upepo itaondoka na spidi yake yote na hamtaipata.

Tukiwa kwenye redio hapohapo, hizi rimoti za 2.4 GHz mawimbi yake hayapenyi maji, kwaiyo antena ya risiva, kile kipokezi cha redio, msiiache imelala chini ndani ya mashua, ipandisheni juu kabisa chini ya sitaha. Washa rimoti kwanza ndo uwashe mashua, ukizima anza na mashua. Na kifuniko cha sitaha zibeni kwa tepu kila mara, hata kama mnaenda dakika tano, maana chumvi ikiingia kwenye sevo haiombi ruhusa, mkimaliza suuzeni kwa maji baridi ya bomba na muache wazi ikauke.

Kitu kinachowachanganya sana wapya ni mashua inapokuja kwenu, kushoto kunakuwa kulia. Geuza mgongo kidogo, uso uelekee inakoelekea mashua, uiangalie kwa juu ya bega. Baada ya muda mkono unazoea wenyewe.

Dada pale anauliza asubiri upepo gani. Swali zuri sana. Upepo hauna saizi ndogo kwa ajili ya mashua ndogo, na ukiongezeka mara mbili nguvu yake kwenye tanga inakuwa mara nne, ndo maana IOM ina seti tatu za matanga, kubwa, wastani na ndogo. Siku ya kwanza tafuta upepo unaotikisa makuti kidogo tu. Ila wengi watakwambia nenda alfajiri na umande maana maji yametulia, na hapo mimi nakataa kabisa, umande unatoka nchi kavu kwenda baharini, betri ikiisha mashua yako inaelekea Pemba. Subiri upepo utoke baharini kuja ufukweni, na maji yawe yamejaa yametulia, sio yanakupwa, hasa siku za bamvua mkondo unakuwa mkali kuliko mashua yenyewe. Ukifanya hivo, hata kila kitu kikizima, wewe simama tu mchangani, upepo utakuletea.