Kigari Kwanza, Boti Baadaye

FURAHA: ...Basi wakanishika watu wanne, huyu mguu, yule kwapa, wakanipitisha juu ya maji mpaka ndani ya boti kama gunia la makaa. Kigari changu, hiki kiti cha magurudumu, kinafuata nyuma, kimelowa mpaka mto wa kukalia. Na nauli nimelipa sawa na wewe!

BAHATI: Pole, yaya, dada yangu. Kigari nacho walikilipisha?

FURAHA: Kama mzigo. Jina la bandari silitaji.

BAHATI: Wasikilizaji, mko na Bahati na yaya Furaha, tuko hapa Goma. Leo tunaongea boti ambayo mtu anaingia akiwa amekaa kwenye kigari chake, bila kubebwa.

FURAHA: Na si ndoto. Uingereza kuna shirika linaitwa Wheelyboat Trust, linatengeneza boti hizo tangu miaka ya 1980. Mbele ni mlango. Unaulaza, unakuwa daraja. Ndani sakafu ni bapa, hakuna ubao wa kuruka.

BAHATI: Mimi mtoto wa seremala, acha nibishe kidogo. Mlango mbele, kwenye ziwa Kivu hili? Mawimbi ya mchana unayajua.

FURAHA: Nayajua. Ndiyo maana sakafu inakaa juu ya usawa wa maji, si chini kama ndani ya mtumbwi. Wimbi likiruka ndani, maji yanatoka yenyewe kwa matundu ya pembeni. Mlango unazungushiwa mpira, unafungwa kwa komeo mbili.

BAHATI: Sawa. Lakini ukimpandisha mtu juu ya sakafu ya juu, umeleta shida nyingine. Kwenye mtumbwi tunakaa chini kabisa. Mtu wa kigari kiuno chake kiko nusu mita juu ya sakafu. Uzito umepanda, boti inataka kupinduka.

FURAHA: Sasa wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanafanyaje?

BAHATI: Wanaunganisha mitumbwi mitatu kwa miti... Ah! Nimekuona unapoelekea.

FURAHA: Usiku kucha wamesimama pale na taa zao, wanavuta wavu, na chombo kimetulia. Hatuna haja ya kwenda kusomea mbali. Chukua mitumbwi miwili mirefu, iache nafasi katikati, funika juu kwa sakafu moja.

BAHATI: Kweli, upana ndio siri. Boti ya urefu uleule ukiizidisha upana mara mbili, nguvu yake ya kujirudisha wima haizidi mara mbili tu, inakaribia mara nane. Wazungu nao wamefanya: kuna mashua ya matanga inaitwa Impossible Dream, ina matumbo mawili, ilijengwa kwa ajili ya mtu wa kigari.

FURAHA: Na Hilary Lister, yule mama Mwingereza? Huyo alikuwa hawezi kusogeza mikono wala miguu. Mwaka 2005 alivuka bahari kati ya Uingereza na Ufaransa peke yake, anaongoza mashua kwa kunyonya na kupuliza mirija.

BAHATI: Peke yake!

FURAHA: Halafu mimi naambiwa nisubiri wabebaji.

BAHATI: Turudi kwenye daraja, maana hapo ndipo mafundi wengi watakosea. Mteremko ambao mtu anaweza kuupanda mwenyewe kwa mikono ni moja kwa kumi na mbili: ukipanda sentimita moja, ubao uwe sentimita kumi na mbili. Gati likiwa juu ya sakafu ya boti kwa sentimita 40, ubao wako unatakiwa mita 4 na sentimita 80. Nani ataubeba huo?

FURAHA: Hakuna. Kwa hiyo usirefushe ubao, shusha gati. Fungia mapipa matupu chini ya mbao, gati lielee, lipande na kushuka pamoja na maji. Ukibakiza tofauti ya sentimita 10, mlango wa mita 1 na sentimita 20 unatosha.

BAHATI: Ukifika ndani, kigari unakifunga. Breki haitoshi, ni mikanda minne sakafuni.

FURAHA: Kigari ndiyo, mimi hapana! Andikeni hilo. Boti ikipinduka na mtu amefungwa kwenye kigari, na kigari kimefungwa kwenye boti, amekwisha. Vaa koti la kuokolea maisha, na kwanza ulijaribu ufukweni kwenye maji machache, na mtu pembeni. Miguu isiyo na nguvu inaelea ovyo, koti lingine linakulaza kifudifudi.

BAHATI: Tarehe 3 Oktoba 2024 hatujaisahau. Boti ya kutoka Minova ilizama hapo kwenye bandari ya Kituku, watu wa nchi kavu wanaitazama. Ilijaa kupita kiasi. Kwa hiyo hata hii yetu, idadi ya vigari iandikwe ubavuni kwa rangi.

FURAHA: Vigari vinne, na watu wengine wanakaa pembeni. Mota nawaachia nyinyi, mimi sina maneno nayo.

BAHATI: Nimekuja na mita. Leta kigari. Gurudumu mpaka gurudumu... sentimita 66. Basi mlango ninakata 70.

FURAHA: Unanikata vidole. Shika magurudumu kama ninavyoshika mimi, usukume. Ona viwiko vinakotokea.

BAHATI: Kumbe!

FURAHA: Pima tena.

BAHATI: ...Themanini na tano.

FURAHA: Weka tisini. Mama wa trisikle ya mikono naye atakuja, na ndoo zake za samaki.