Video yako imeshashuka kiasi gani? Tuangalie ndani ya kivinjari

Assalaam alaykum jamaa zangu, karibuni tena hapa Mkomani, Lamu. Mimi ni mpenzi wa rekodi za maulidi. Nai, ile filimbi ya maulidi, imepanda, matari yamechanganya, halafu video ikwame! Hapo roho huniuma kweli. Kwa hivyo leo twaangalia kivinjari kimeshavuta kiasi gani.

Fungua video kwenye kompyuta, bofya kulia juu yake, Kagua (Inspect), kisha Konsoli (Console), pale pa kuandikia amri. YouTube bofya kulia mara mbili, ya kwanza hutoa menyu yao.

Hakikisha kwenye kichupo cha Elements, penye msimbo wa ukurasa, mstari uliotiwa rangi ni wa video yenyewe, si kisanduku kilichoizunguka. Sasa kwenye Konsoli andika, $0 ikiwa ni huo mstari uliotiwa rangi:

$0.buffered.length

Kwangu imetoka 2. Yaani kimevuta vipande viwili. Ikitoka 0, ngoja kwanza. Ukiuliza mwisho wa kipande kisichokuwepo utajibiwa kwa maandishi mekundu.

Subirini punda wapite, wamebeba mawe na kichochoro chenyewe chembamba... Haya.

Hesabu huanzia sifuri. $0.buffered.start(0) yanipa 0, $0.buffered.end(0) yanipa 95. Kipande cha pili, weka 1: 2340 hadi 2400. Hizo ni sekunde. Rekodi yangu ni ya dakika 40, kwa hivyo mwisho ni 2400.

Hapa tulieni. Msisome mwisho wa kipande cha mwisho mkadhani yote imeshuka! Mimi niliruka hadi mwisho kusikiliza dua, nikarudi mwanzo, nikaona 2400. Nikamwambia ami yangu, "Chukua laptopu, yote imo." Boti ya Pate haijafika mbali, matari yakakatika. Katikati palikuwa patupu. Nasema tena: kipande cha mwisho si dalili ya kwamba katikati pamejaa.

Andika $0.currentTime. Yangu ni 20. Tafuta kipande ambacho 20 imo ndani yake: ni kile cha 0 hadi 95. Toa 20 kwenye 95, zabaki sekunde 75. Hiyo ndiyo akiba yako, basi.

Na akiba hiyo ni ya kuchezea hapo hapo tu, kivinjari chaweza kuitupa wakati wowote. Wa safari apakue faili lote kabla hajashuka gatini.

Ngojeni nirudie end(0)... 131. Yavuta! Haya, ongezeni sauti, nai yaingia sasa.